Kiraka Kimeshonwa, Mbona Hakijatufikia?

Wali wa pishori unaoliwa Mombasa siku ya arusi una safari ndefu nyuma yake. Mpunga wake hupandwa katika majaruba ya Mwea, tambarare iliyo chini ya Mlima Kenya, kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Mimi ni mmoja wa wale wanaoufuata mchele huo huko huko unakotoka, na tangu binti yangu aolewe Kerugoya nimepata na nyumba ya kufikia. Kerugoya ni mji wa mlimani; mtu wa pwani akifika huko jioni hutafuta sweta kabla ya kutafuta chai.

Mwishoni mwa mwaka 2025 nilipanda tena kwa safari yangu ya kawaida. Nilifika dukani kwa mkwe wangu asubuhi, nikamkuta ameketi mbele ya kompyuta yake, mkono shavuni, wala hakuinuka kunipokea kama ilivyo desturi yake. Nikatoa salamu, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nikamwuliza, "Kwema?" Akanielekezea kioo cha kompyuta. Palikuwa na maneno ya Kiingereza kwa herufi kubwa, yakisema kwamba mafaili yote yamefungwa, na kwamba mwenye kuyataka na alipe kwa fedha za mtandaoni katika muda wa siku 3, ama sivyo yatapotea milele.

Duka la mkwe wangu ni la nafaka. Katika kompyuta ile ndimo lilimokuwa daftari lake: nani ameleta magunia mangapi ya mpunga, nani amepewa arbuni kabla ya mavuno, nani anadai na nani anadaiwa. Fedha za duka lile si zake peke yake. Nyingi ni amana za watu, na baadhi yao hawana kumbukumbu nyingine ila ile iliyokuwa mle ndani.

"Baba," aliniambia, "nitawaambia nini watu?"

Tukamwita kijana mmoja fundi, mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na steji ya matatu. Alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. Kisha akauliza swali moja tu: "Hii mashine mara ya mwisho ilisasishwa lini?" Mkwe wangu akanyamaza. Yule aliyemwuzia kompyuta alikuwa amemshauri aufunge mlango wa masasisho, ati yanakula bando na kuifanya mashine iwe nzito. Naye akaufunga, akauacha umefungwa miaka yote hiyo.

Yule kijana hakuapa kwamba mwizi aliingia kwa tundu hilo. Alisema tu kwamba tundu lilikuwapo, na kwamba dawa yake ilikwisha tolewa zamani, bure, wala haikutiwa.

SIMU YANGU MWENYEWE

Nikaanza kumlaumu mkwe wangu, kama ilivyo desturi ya sisi wazee. Yule kijana akaniomba simu yangu kwa adabu. Akaingia katika mipangilio, akanionyesha tangazo ambalo nilikuwa nikiliona kila siku na kulifuta kwa kidole kama mtu anayefukuza nzi. Lilikuwa likiniomba nikubali sasisho la usalama. Nikaona haya. Tukalikubali pale pale, kwa intaneti ya duka. Simu ikazima, ikawaka, ikakaa karibu nusu saa ikishughulika.

Ilipomaliza iliandika kwamba simu yangu imesasishwa na kwamba hakuna jipya. Nikafurahi. Lakini kijana akanionyesha mstari mwingine ulio chini, wenye tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Tarehe hiyo ilikuwa ya karibu miaka 2 nyuma. "Mzee," akasema, "wewe umefanya yako. Hawa walioitengeneza ndio waliokoma."

Basi hapo ndipo nilipopata jambo la kuandika. Katika duka moja, asubuhi moja, niliona makosa mawili yaliyo mbali mbali. La kwanza ni la mtu anayeletewa kiraka akakikataa. La pili ni la mtu anayekitaka kiraka, naye hakifiki kwake. Sisi hulisema la kwanza sana, kwani ni rahisi kumlaumu mnunuzi. La pili halisemwi, na mimi nadhani ndilo kubwa zaidi.

KIINI NI NINI?

Nitaeleza kwa kadiri nilivyoelezwa, kisha nikasoma na kuhakikisha mwenyewe. Kila simu na kila kompyuta ina mfumo unaoiendesha, na katikati ya mfumo huo mna sehemu inayoitwa kiini. Kiini ndicho kinachosimama kati ya programu na chombo chenyewe. Programu ya picha ikitaka kamera, haiendi kwa kamera. Huomba kwa kiini. Programu ya ujumbe ikitaka kuandika jambo katika kumbukumbu, huomba kwa kiini. Naye kiini ndiye anayejua nani apewe nini, na nani asifike wapi. Ni kama yule mtu katika nyumba kubwa ya wapangaji ambaye bunda la funguo zote liko kiunoni mwake.

Kwa hiyo mwizi akikipata kiini, hana haja ya kuijua namba yako ya siri. Aweza kuisoma unapoiandika. Aweza kufungua kipaza sauti wewe ukidhani simu imelala, na kusoma ujumbe wa benki kabla hujausoma wewe. Tangu M-Pesa ianzishwe nchini Kenya mwaka 2007, simu zetu zimekuwa mikoba ya fedha. Na leo simu ya mtu wa Lamu, Mombasa au Kerugoya ndiyo mkoba wake, hati zake, picha za watoto wake na siri za nyumba yake. Vyote hivyo vimewekwa nyuma ya mlango mmoja.

Simu nyingi tunazozitumia zina mfumo wa Android, na kiini cha Android ni Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Leo kiini hicho kina zaidi ya mistari milioni 30 ya maandishi ya kompyuta, iliyoandikwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi. Katika maandishi mengi namna hiyo makosa hayakosi. Liko kosa moja lililoingia mwaka 2007, likakaa humo hadi lilipozibwa Oktoba 2016. Kwa muda wa miaka 9 mtumiaji wa kawaida, asiye na cheo chochote katika mashine, aliweza kujifanya bwana wa mashine yote. Mafundi waliliita Dirty COW. Nao waliolisoma kila siku walikuwa mabingwa, si watoto.

Nasema haya ili tusiwe na dhana mbaya. Tukisikia kwamba kiini kina matundu, twadhani kimetengenezwa na wazembe. Sivyo. Wenye Linux hutoa marekebisho takriban kila wiki, na huo ni ushahidi wa bidii.

TANGAZO LA KIRAKA NI RAMANI

Methali yetu yasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini methali hiyo yahusu ufa unaouona. Ufa wa kiini hauonekani na mwenye nyumba. Tena una tabia moja ambayo ufa wa ukuta hauna: siku unapotangazwa kwamba umezibwa, ndiyo siku wezi wote wanapojua ulikuwa wapi.

Fikiri, msomaji. Kiraka kikitolewa, kila mtu aweza kukisoma. Fundi mwema hukisoma ili akitie. Mwizi naye hukisoma, akalinganisha maandishi ya jana na ya leo, akasema: kumbe palikuwa na tundu hapa! Kisha huwatafuta wale ambao hawajaliziba. Kwa hiyo mtu asiyekubali sasisho hakai pale pale alipokuwa jana. Hatari yake imeongezeka, kwani jana tundu lilikuwa siri, na leo limetiwa katika ramani.

Mfano mkubwa ni ule wa mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa ndani kabisa ya Windows. Mwezi uliofuata, silaha ya kulitumia tundu hilo ikamwagwa hadharani mtandaoni. Tarehe 12 Mei, yaani siku 59 baada ya kiraka kutolewa, programu ya uharibifu iliyoitwa WannaCry ikaingia kwa tundu hilo hilo, ikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Ilikadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 iliahirishwa. Wakaguzi wa serikali ya huko walipochunguza walisema kwamba hatua za kawaida tu za usalama zingelizuia jambo hilo. Dawa ilikuwapo siku 59. Haikunywewa.

Wala tusidhani hayo ni ya Uingereza tu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitangaza kwamba kati ya Januari na Machi 2025 kituo chake cha kitaifa kilinasa vitisho zaidi ya bilioni 2.5 vya mtandaoni, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni mifumo isiyotiwa viraka. Mkwe wangu hakuwa peke yake.

JARUBA LA MWISHO

Sasa nije kwa kosa la pili, lile la simu yangu.

Siku moja kabla ya kurudi Mombasa niliteremka Mwea kuutazama mpunga. Mwenye kulima pale hunieleza kila mara habari ya maji. Maji hutoka mtoni, yakaingia mfereji mkubwa, kisha midogo, kisha majaruba. Mwenye jaruba la kwanza hujaza akashiba; mwenye jaruba la mwisho hungoja. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, limejengwa ili maji yaongezeke; lakini bwawa likijaa na mfereji ukaziba njiani, jaruba la mwisho litakauka vivyo hivyo.

Nikaona kwamba ndivyo kiraka kinavyosafiri. Wanaoandika Linux huziba tundu. Kisha kiraka huenda kwa Google wenye Android, kisha kwa wanaotengeneza chipu, kisha kwa kampuni iliyotia jina lake katika simu, ambayo yapaswa kukijaribu na kukipeleka kwa kila aina ya simu iliyouza. Mwisho ndipo kinapomfikia mwenye simu, kama kitamfikia. Popote katika njia hiyo mtu akisema, "Simu hii ni ya bei ndogo, tena ni ya zamani, hailipi," mfereji umeziba. Nasi wa pwani na wa mlimani, tunaonunua simu za bei ndogo na simu zilizokwisha tumika Ulaya, ndio wenye jaruba la mwisho.

Ushahidi upo, wala si wa kubahatisha. Kulikuwa na tundu katika sehemu ya kiini cha Android iitwayo Binder. Wenye Linux waliliziba mwanzoni mwa mwaka 2018. Lakini kiraka hicho hakikuzifikia simu nyingi zilizokuwa mikononi mwa watu, hata nyingine zilizotoka kiwandani baada ya hapo. Mnamo Septemba 2019 Maddie Stone, mtafiti wa Google, alieleza kwamba tundu hilo lilikuwa likitumiwa kuingilia simu za watu, na simu alizozitaja zilikuwamo za gharama kubwa kama Samsung Galaxy S9 na Google Pixel 2, na za bei ndogo kama Xiaomi Redmi 5A. Google yenyewe ilitoa kiraka kwa simu zake mwezi wa Oktoba. Hesabu mwenyewe: zaidi ya mwaka mmoja na nusu tangu tundu lizibwe kwenye chemchemi, maji yalikuwa hayajafika jarubani. Na kama hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Pixel, simu ya Google wenyewe, itakuwaje kwa simu yangu ya dukani?

CHOMBO NA KALAFATI

Wako watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza atasema kwamba sasisho lenyewe huharibu. Ni kweli hutokea. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho lenye kosa, na kwa kuwa programu yake hufanya kazi ndani ya kiini cha Windows, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka kwa wakati mmoja duniani. Ndege zikabaki chini, mabenki na hospitali zikakwama. Hilo lilikuwa kosa kubwa, nalo lafundisha kwamba anayetuma kiraka sharti akijaribu kwanza, tena akitume kwa wachache kabla ya kukituma kwa wote. Lakini halifundishi kwamba tukae bila viraka. Mtu hakatai dawa zote kwa kuwa siku moja mfamasia alikosea.

Wa pili atasema kwamba sasisho hula bando. Hili nalikubali bila ubishi. Sasisho moja laweza kumaliza bando la wiki la mtu maskini, na si haki kumwambia achague kati ya usalama wake na mawasiliano na mwanawe. Lakini basi tuseme hivyo kwa wanaohusika: kampuni za simu zaweza kuyafanya masasisho ya usalama yasihesabiwe katika bando. Na hadi hapo, atumie intaneti ya dukani, ya ofisini au ya jamaa, usiku simu ikiwa kwenye chaji.

Wa tatu, naye ndiye ninayemwona mara nyingi, atasema: "Simu hii niliinunua nzima, mbona itengenezwe kila mwezi?" Huyu namwomba akumbuke alikotoka. Sisi ni watu wa majahazi. Jahazi likitoka mikononi mwa fundi ni zima, lakini kila msimu hupandishwa pwani maji yakitoka, likakaguliwa ubao kwa ubao, likatiwa kalafati ya pamba na mafuta katika nyufa zake, kisha likapakwa deheni chini. Nahodha hakumwambia fundi, "Ulinitilia kalafati mwaka jana, wataka nini tena?" Alijua kwamba bahari haikomi kufanya kazi yake. Mtandao ni bahari. Waliojua kutunza chombo wamesahau vipi kutunza simu?

Ndiyo maana naona jambo hili lastahili ukurasa wa utamaduni. Utamaduni wa watu si ngoma na mavazi peke yake; ni pamoja na jinsi wanavyovitunza vitu wanavyovitegemea.

AIBU YA BIDHAA

Lakini nahodha alikuwa na fundi wa kumwendea. Na hapa ndipo narudi kwa muuzaji.

Masheikh wetu wanapofundisha mlango wa biashara hueleza habari ya aibu ya bidhaa: muuzaji akiijua akaificha, mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha. Sote twaijua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umajimaji uliofichwa chini, naye akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Sisi wa biashara ya mchele twajua maana yake vizuri. Yuko anayechanganya pishori na mchele mwingine, akauza wote kwa jina la pishori. Na mnunuzi hajui hadi sufuria inapofunuliwa.

Sasa muuzaji wa simu atajitetea: "Mimi sikuijua aibu siku niliyouza. Tundu liligunduliwa baadaye." Ni kweli, na kwa hilo simlaumu. Lakini liko jambo moja analolijua siku ile ile anayouza, ama anayetengeneza analijua: siku gani ataacha kuziba. Anajua kwamba simu hii ataitunza miaka 2, na ile nyingine ataitunza miaka 7, na ile ya tatu hataitunza kabisa. Hiyo ndiyo aibu ya bidhaa, nayo imewekwa chini ya rundo. Kuificha siku hiyo ni sawa na kuuza dawa baada ya kufuta tarehe ya mwisho ya kutumika.

Jambo hili laweza kuamriwa kwa sheria, kwani limekwisha amriwa kwingine. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza yamtaka mtengenezaji wa vifaa vinavyoingia mtandaoni, simu zikiwamo, atangaze muda ambao atatoa masasisho ya usalama. Jumuiya ya Ulaya imekwenda mbele zaidi: kanuni zake zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zataka aina mpya ya simu iendelee kupata masasisho kwa muda usiopungua miaka 5 tangu ilipokoma kuuzwa. Mnunuzi wa London na wa Paris amewekewa tarehe yake mezani. Wa Kerugoya na wa Kilindini anaonyeshwa rangi na kamera.

Wala tusiseme kwamba sisi ni wanunuzi tu, hatuna la kusema. Kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River mnamo Oktoba 2023, na simu zake zikatangazwa kwa bei ya shilingi 7,499. Ni jambo la kujivunia. Basi nchi inayounganisha simu yaweza pia kuamuru kwamba kila sanduku la simu inayouzwa humu, iliyounganishwa kwetu au iliyotoka ng'ambo, liandikwe tarehe ya mwisho ya kutiwa viraka, kama unga na maziwa ya kopo yanavyoandikwa.

NA LUGHA NAYO

Liko jingine dogo, ila lina uzito. Lile tangazo nililolifuta kwa miezi lilikuwa la Kiingereza cha mafundi. Mimi Kiingereza nakisoma, lakini hicho kilinipita. Wako mama zetu wengi wanaoona maneno hayo na kudhani ni tangazo la biashara, au ni wizi wenyewe, wakayafuta kwa kujihifadhi. Na tuwe waadilifu: siku hizi wezi nao hutuma matangazo ya uongo ya masasisho. Mtu asiyeelewa atatofautisha vipi?

Kisingizio cha kwamba Kiswahili hakiwezi mambo haya kilikwisha vunjwa zamani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wao wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili. Maneno tunayo: kiini, mfumo, kiraka, sasisho. Na simu nyingi leo zaweza kugeuzwa zikasema Kiswahili, ila wengi wetu hatuzigeuzi, twaona ni ushamba. Igeuze simu ya mama yako, msomaji. Na mfundishe kwamba sasisho la kweli hupatikana ndani ya mipangilio ya simu, wala haliji kwa ujumbe wenye kiungo cha kubonyeza.

TUFANYEJE?

Kwa mwenye simu: ingia leo katika mipangilio utazame tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Kama kuna sasisho linalongoja, likubali. Kama simu imeachwa na wenyewe kwa miaka, si lazima uitupe, ila usiifanye mkoba wako wa fedha. Iwe ya kupigia na kusikilizia redio. Kwa mwenye duka: daftari la kompyuta liwe na nakala nyingine kila wiki, iliyowekwa mbali na kompyuta hiyo, kwani mwizi akifunga kompyuta hufunga na kila kilichounganishwa nayo. Na kwa wenye kutunga sheria: iandikeni hiyo tarehe sandukuni.

Mkwe wangu hakulipa. Yule kijana aliifuta mashine yote, akaweka mfumo mpya, akaufungua mlango wa masasisho. Daftari halikurudi. Ikabidi tupeleke habari kwa wakulima kwamba kila mwenye hesabu aje aiseme. Walikuja, wengine na madaftari yao ya shule yenye maandishi ya kalamu ya risasi, wengine na vichwa vyao tu. Wengi walisema kweli, hata waliokuwa wakidaiwa. Wachache walisahau, na kusahau kwao kulikuwa kwa upande mmoja. Mkwe wangu alimlipa kila aliyesema anadai, akanyamaza juu ya waliosahau. Hasara yake naijua mimi na yeye.

Kabla ya kupanda gari la kurudi niliingia duka moja la simu pale mjini. Dada aliyekuwa akiuza alinipokea vizuri, akanitolea simu 3 mezani, akanisifia kamera na ukubwa wa kioo. Nikamwuliza, "Hii itatiwa viraka hadi lini?" Akaligeuza sanduku mbele na nyuma, akasoma pande zote 6, kisha akaniambia kwa ukweli kwamba hajapata kuulizwa swali hilo.

Nilimwambia kwamba nitarudi msimu ujao kununua mchele, na kwamba nitamwuliza tena. Laiti ningekuta wengine wamekwisha kuniwahi.